Ansel Adams: Kioo chekundu kilichogeuza anga kuwa jeusi

KWA vijana wengi wa leo, filta ni kitu cha kubonyeza kwenye simu. Picha imeshapigwa, unapitisha kidole, unachagua rangi inayokupendeza kisha unaposti. Ikikuchosha, unaifuta na kuweka nyingine.

Karibu miaka 100 iliyopita mambo yalikuwa tofauti kabisa. Filta ilikuwa kipande cha kioo, au utando mwembamba wa jelatini, uliotiwa rangi na kuwekwa kwenye lenzi kabla ya kupiga. Ukichagua vibaya, picha imeharibika na hakuna kurudi nyuma.

Mtu aliyeonyesha dunia uzito wa uamuzi huo ni Ansel Adams, Mmarekani ambaye picha zake za milima za nyeusi na nyeupe zingali zinaning'inizwa kutani katika nyumba na ofisi nyingi duniani. Ukisoma maisha yake, unakutana pia na lugha ya ajabu iliyoandikwa kwenye pete za filta zake: K2, G, F, 8, 15, 25A, 29.

Lugha hiyo haijafa. Yeyote anayenunua kamera ya filamu ya mtumba akataka kuitafutia filta, atakumbana nayo. Na asipoielewa, atarudi nyumbani na kitu ambacho hakukihitaji.

Mtoto aliyeshindwa na shule

Adams alizaliwa Februari 20, 1902 jijini San Francisco, jimbo la California. Alikuwa mtoto wa pekee wa Charles na Olive Adams.

Alipokuwa na umri wa miaka minne, Aprili 1906, jiji hilo lilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Tetemeko lenyewe lilimwacha salama. Saa chache baadaye ardhi ikatikisika tena, naye akarushwa na kugonga ukuta wa bustani. Pua ilivunjika, na ikabaki imepinda hadi alipokufa.

Familia yake ilikuwa imetajirika kutokana na biashara ya mbao ya babu yake. Utajiri huo ulianza kuporomoka Adams angali mdogo, na baba yake akatumia miaka mingi akijaribu kulipa madeni na kulisha nyumba.

Shuleni, kijana huyu alikuwa balaa. Hakuweza kukaa kitini akatulia, na walimu walichoka naye. Mwaka 1915 baba yake alimtoa shule, akamtafutia wa kumfundisha nyumbani na kumnunulia tiketi ya mwaka mzima ya kuingia maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyokuwa yakifanyika San Francisco. Maonyesho hayo yakawa darasa lake.

Alichokipenda zaidi wakati huo kilikuwa piano. Alianza kujifundisha akiwa na miaka 12, kisha akapata walimu wakali waliomfanya arudie kipande kimoja mpaka kila noti ikae mahali pake. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: kuwa mpigaji piano wa kulipwa, wa kupanda jukwaani mbele ya umati.

Halafu, mwaka 1916, akiwa na miaka 14, wazazi wake walimpeleka likizo katika bonde la Yosemite, milimani Sierra Nevada. Huko walimpa kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, kisanduku rahisi sana. Tangu mwaka huo hakuna mwaka hata mmoja uliopita bila yeye kurudi Yosemite.

Mwaka 1919 alijiunga na Sierra Club, chama cha wapenda milima na wahifadhi wa mazingira, na mwaka uliofuata akaanza kulinda nyumba ya chama hicho bondeni wakati wa kiangazi. Kwa kuwa hakuwa na piano milimani, aliruhusiwa kufanyia mazoezi kwenye piano ya msanii Harry Best, aliyekuwa na duka na studio ya picha papo hapo. Best alikuwa na binti, Virginia. Si ajabu kwamba mazoezi ya piano yalikuwa hayaishi. Wawili hao walioana Januari 1928.

Tatizo lilikuwa anga

Ili uelewe kilichomfanya Adams awe Adams, lazima uelewe tatizo lililowasumbua wapiga picha wote wa enzi hiyo.

Filamu ya nyeusi na nyeupe haioni rangi kama jicho lako. Vibao vya zamani kabisa viliona samawati peke yake, vyekundu vikatoka vyeusi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikaanza kuuzwa vibao vilivyotambua rangi zote, lakini navyo bado vilikuwa na uchu wa samawati.

Matokeo yake ni kwamba anga la samawati lililokolea, ambalo wewe unaliona limejaa nguvu, kwenye picha lilitoka jeupe kama karatasi. Mawingu yakamezwa humo humo. Mlima wenye theluji ukakosa pa kusimamia, maana theluji nyeupe iliegemea anga jeupe.

Filta ndiyo iliyokuwa dawa. Na hapa ndipo wengi wanapokosea hadi leo: filta ya rangi kwenye lenzi haiongezi chochote kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Kazi yake ni kuzuia. Filta ya manjano huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa samawati, kwa hiyo anga linapungua weupe na mawingu yanajitokeza. Ile ya rangi ya chungwa huzuia zaidi. Nyekundu huzuia samawati na kijani pia, anga likakaribia kuwa jeusi na miti ikawa giza.

Kanuni yenyewe ni fupi: filta huacha rangi inayofanana nayo ing'ae, na hutia giza rangi iliyo kinyume chake. Udongo mwekundu wa barabara zetu za vumbi, kwa mfano, utatoka mweupe ukitumia filta nyekundu, na nyasi za kando yake zitakuwa nyeusi.

Zuio hilo lina bei. Mwanga ukizuiwa, filamu inabaki na njaa, kwa hiyo lazima uiongezee muda. Filta ya manjano ya wastani hudai mwanga mara mbili. Nyekundu ya kawaida hudai mara nane, na nyekundu iliyokolea mara 16. Usipoongeza, picha inatoka kiza kitupu.

Vibao viwili vya mwisho

Aprili 10, 1927, Adams aliamka mapema Yosemite kwenda kupiga picha za Half Dome, jabali ambalo kilele chake kiko zaidi ya mita 1,400 juu ya sakafu ya bonde. Alikuwa na miaka 25. Aliandamana na Virginia, ambaye walikuwa bado hawajaoana, na marafiki wengine. Mgongoni alibeba kamera kubwa ya mbao, vibao vya kioo 12, lenzi, filta na miguu ya kamera. Njia ilikuwa ya kupanda korongo lenye theluji.

Walifika kwenye ukingo uitwao Diving Board, ambapo uso wa jabali unaonekana wote mbele yako. Jua lilikuwa bado halijaufikia. Akasubiri. Kufikia hapo alikuwa amevitumia vibao karibu vyote njiani, vingine vikaharibika, akabakiwa na viwili tu.

Jua lilipoanza kuupaka mwamba mwanga kwa pembeni, aliweka filta ya manjano, K2, akapiga. Ilikuwa filta ya kawaida ambayo kila mpiga picha wa mandhari aliibeba.

Alipofunga tu, alijua amekosea. Picha ingekuwa sahihi, lakini ya kawaida: jabali zuri, anga la kijivu. Aliloliona na kulihisi pale lilikuwa jingine, ukuta mkubwa wa kutisha uliosimama mbele ya giza. K2 isingeweza kulileta hilo.

Kibao kilichobaki kilikuwa kimoja. Akatoa ile ya manjano, akaweka nyekundu iliyokolea, F, ambayo pia huitwa namba 29. Filta hiyo ilihitaji mwanga mara nane zaidi ya K2, kwa hiyo alilazimika kuiacha lenzi wazi kwa sekunde tano nzima. Kama upepo ungeitikisa kamera, basi. Hakukuwa na kibao cha tatu.

Upepo ulitulia. Usiku huo alipokisafisha kibao, anga lilitoka jeusi, theluji nyeupe pe, na vivuli vya jabali vikawa vizito. Vivuli vya nje hupata mwanga wake kutoka kwa anga la samawati, na filta nyekundu ilikuwa imeuzuia huo huo.

Picha hiyo, Monolith, the Face of Half Dome, ndiyo Adams aliyoihesabu maisha yake yote kuwa mwanzo wa kazi yake ya kweli. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameiona picha kichwani kabla ya kuipiga, kisha akachagua kifaa cha kuifikia. Mwaka huo huo iliingia kwenye mkusanyiko wake wa kwanza wa picha za kuuzwa, uliodhaminiwa na tajiri wa bima wa San Francisco, Albert Bender.

Herufi na namba zilitoka wapi?

Hebu turudi kwenye pete ya filta. Mbona filta moja ina majina mawili, F na 29?

Jibu linaanzia Uingereza. Frederick Wratten alikuwa Mwingereza aliyetengeneza vibao vya picha tangu miaka ya 1870, katika kampuni iliyoitwa Wratten & Wainwright. Mwaka 1906 kampuni hiyo, ikiwa Croydon karibu na London, ilimpata mwanasayansi kijana, Kenneth Mees. Chini ya Mees ilianza kuuza vibao vya kutambua rangi zote, na vibao hivyo vilihitaji filta za kuvisaidia. Zikatengenezwa nyingi, kila moja ikapewa herufi.

Mwaka 1912 George Eastman, mwenye Kodak, alimtaka Mees aende Marekani kumwanzishia maabara ya utafiti. Mees hakutaka kuiacha kampuni yake hivi hivi. Eastman akainunua kampuni nzima. Mees akahamia Rochester, lakini jina la Wratten likabaki kwenye filta za Kodak. Vibao vilivyokuwa mgongoni mwa Adams siku ile ya Half Dome navyo vilikuwa na jina hilo hilo.

Herufi za mwanzo zilikuwa na mpangilio kiasi. K zilikuwa za manjano: K1, K2, K3. G ilikuwa manjano iliyokolea inayoelekea chungwa. A, B na C5 zilikuwa nyekundu, kijani na samawati, seti ya kutenganisha rangi ili kuchapisha picha za rangi. F ilikuwa nyekundu iliyokolea. X1 ilikuwa kijani chenye umanjano.

Lakini herufi ni chache na filta ziliendelea kuongezeka. Kodak ikahamia kwenye namba. K2 ikawa 8, X1 ikawa 11, G ikawa 15, A ikawa 25, F ikawa 29, C5 ikawa 47 na B ikawa 58.

Zingatia jambo moja: namba hizo ni za katalogi tu, kama namba za nyumba mtaani. Hazipimi nguvu. 25 haina nguvu mara tatu ya 8, na 58 si nyekundu kali kuliko 29. 58 ni kijani.

Wapiga picha waliozoea herufi hawakuziacha, na wauzaji hawakutaka kuwapoteza. Ndiyo maana hadi leo utaona pete imeandikwa 25A. Hilo ni jina jipya na jina la zamani yakiwa yameshikana mikono.

Majina yanayogongana

Ingekuwa rahisi kama kila kampuni ingefuata Kodak. Hazikufanya hivyo.

Hoya ya Japani ilichanganya: Y(K2) kwa manjano, O(G) kwa chungwa, R(25A) kwa nyekundu. Hapo ukizijua herufi za Wratten, hupotei. Lakini kwenye kijani, Hoya huita chenye umanjano X0 na kijani zaidi X1. X1 ya Kodak ya zamani na X1 ya Hoya, basi, si filta moja.

B+W ya Ujerumani ina namba zake kabisa: 022 ni manjano ya wastani, 040 ni chungwa, 090 ni nyekundu iliyo karibu na 25, na 091 ni iliyokolea, karibu na 29.

Nikon nayo ilifuata njia ya kisayansi zaidi. Filta zake ziliitwa Y44, Y48, Y52, O56 na R60. Herufi ni rangi kwa Kiingereza, na namba inakuonyesha zuio linaishia wapi katika urefu wa wimbi la mwanga: 52 ni kama nanomita 520, 60 ni nanomita 600. Mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko hapo, samawati ukiwemo, haupiti. Hapa angalau namba ina maana, na ikipanda, zuio linapanda.

Kuna mitego miwili zaidi. Wa kwanza ni herufi A na B baada ya namba kubwa, kwa mfano 80A au 85B. Hizo ni filta za kusawazisha rangi kwenye filamu ya rangi, za samawati na za kaharabu, na A yake haihusiani na ile ya 25A.

Mtego wa pili ndio unaowanasa wanunuzi wa mitumba. Pete nyingi zimeandikwa pia kipenyo chake kwa milimita: 49, 52, 55, 58. Ukiona 58 kwenye pete yenye kioo cha manjano, hiyo si filta ya kijani ya Wratten. Ni ukubwa wa mdomo wa lenzi inayoingia.

Dawa ni kutoiamini pete peke yake. Inua kioo, tazama karatasi nyeupe kupitia humo, uone rangi yake. Kisha jiulize itazuia nini.

Piano yaachwa

Hata baada ya Monolith, Adams hakuwa ameamua. Alikuwa mume sasa, mwenye kipaji cha aina mbili na pesa kidogo. Piano ilikuwa imekula zaidi ya miaka 10 ya maisha yake.

Mwaka 1930, akiwa Taos, New Mexico, alikutana na mpiga picha Paul Strand. Strand hakuwa na picha zilizosafishwa za kumwonyesha, akampa negativu tu azitazame kwenye mwanga. Zilimtosha. Adams alirudi nyumbani akiwa ameamua kuwa mpiga picha, ingawa ndani ya familia kulikuwa na waliosikitika.

Mwaka 1932 yeye, Edward Weston, Imogen Cunningham, Willard Van Dyke na wengine walianzisha Kundi la f/64, jina lililotokana na tundu dogo sana la lenzi linalofanya kila kitu kionekane wazi. Walipinga mtindo wa wakati huo wa kupiga picha zenye ukungu ili zifanane na michoro. Mwaka 1936 Alfred Stieglitz, aliyekuwa na sauti kubwa katika sanaa ya picha Marekani, alimpa maonyesho ya peke yake New York.

Mwaka uliofuata moto ulizuka katika chumba chake cha giza huko Yosemite na kuteketeza maelfu ya negativu. Kibao cha Monolith kilinusurika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, akifundisha Los Angeles, yeye na mwenzake Fred Archer waliunda Mfumo wa Zoni. Mfumo huo hugawa mwanga kutoka weusi kamili hadi weupe kamili katika ngazi 11, ili mpiga picha apange kabla ya kupiga kila kitu kitaangukia ngazi gani. Ulikuwa ule ule uamuzi wa Half Dome, sasa ukiwa na hesabu.

Mwezi wa Hernandez

Hesabu hiyo ilimwokoa mwishoni mwa mwaka 1941. Alikuwa akiendesha gari kurudi Santa Fe, New Mexico, jua likizama, alipoona mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez na misalaba ya makaburi iking'aa kwa mwanga wa mwisho.

Alisimamisha gari ghafla, wakatoa kamera kubwa haraka haraka. Kipima mwanga hakikuonekana. Wangekitafuta, jua lingekuwa limeshazama.

Lakini Adams alikuwa amekariri kiasi cha mwanga wa mwezi, na filamu yake aliijua. Bila filta, muda ungekuwa sehemu ya 60 ya sekunde kwa f/8. Aliweka filta ya G, namba 15, inayodai mwanga mara tatu, kwa hiyo sehemu ya 20. Halafu alitaka tundu dogo la f/32, linalopitisha mwanga pungufu mara 16. Jumla ikakaribia sekunde moja. Akapiga.

Alipokuwa akigeuza filamu apige ya pili kwa usalama, mwanga uliondoka kwenye misalaba. Alibaki na moja. Picha hiyo, Moonrise, Hernandez, New Mexico, ikawa maarufu kuliko zake zote.

Hata hivyo, filta haikufanya kazi yote. Chapa za mwanzo za Moonrise zina mawingu mepesi juu. Kadiri miaka ilivyopita, Adams alizidi kutia anga hilo giza katika chumba chake, mpaka likawa jeusi ti.

Je, ni uongo?

Swali hilo liliulizwa enzi zake na linaulizwa leo mitandaoni. Anga la Half Dome saa ile ya alasiri halikuwa jeusi. Kwa nini picha iseme hivyo?

Adams hakujificha. Katika vitabu vyake, hasa The Negative cha mwaka 1948, alieleza wazi filta aliyotumia, muda na namna alivyosafisha. Kwake picha haikuwa nakala ya kilichokuwepo, na alitarajia mtazamaji alijue hilo. Tofauti yake na mtu anayebadilisha picha kisha akaapa kwamba haijaguswa iko hapo.

Lawama nyingine ilimuuma zaidi: kwamba alipiga mawe na miti wakati watu wanateseka. Mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, alikwenda Manzanar, moja ya kambi za California ambako Wamarekani wenye asili ya Japani walikuwa wamefungiwa na serikali yao. Alipiga nyuso zao kwa karibu, kazi zao, shule zao. Mwaka 1944 akachapisha picha hizo katika kitabu Born Free and Equal, wakati ambapo Wamarekani wengi hawakutaka kusikia habari hizo. Wapo waliosema picha hizo zilikuwa za upole mno kwa jambo la uonevu. Baadaye aliikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani mkusanyiko huo.

Mawe na miti navyo vilifanya kazi. Adams alikaa katika bodi ya Sierra Club kuanzia 1934 hadi 1971. Kitabu chake cha mwaka 1938 cha picha za Sierra Nevada kilifika mpaka Ikulu ya Rais Franklin Roosevelt, wakati chama hicho kikipigania eneo la Kings Canyon lilindwe. Mwaka 1940 likatangazwa mbuga ya taifa.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, ya juu kabisa kwa raia nchini humo. Miaka hiyo hiyo, akiwa na karibu miaka 80, alikuwa akiandika upya vitabu vyake vya mafunzo. Vitabu hivyo vingali vinasomwa, na sura zake za filta zinatumia namba za Wratten.

Adams alifariki Aprili 22, 1984, mjini Monterey, California, akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata kilele kimoja cha Sierra Nevada kilipewa rasmi jina lake.

Negativu zake ziko katika Chuo Kikuu cha Arizona, jijini Tucson, kwenye kituo cha kuhifadhi picha alichosaidia kukianzisha mwaka 1975. Nayo ile studio ya baba mkwe wake bondeni Yosemite, alikokuwa akienda kupiga piano, bado iko wazi. Sasa inaitwa The Ansel Adams Gallery, na humo picha zake zingali zinauzwa, zikiwa zimechapishwa kwa mkono kutoka kwenye negativu zile zile.